Mkwe Aliyeruka Dirishani

Nikiwa mtoto mdogo, kabla sijavaa suruali ya kwanza, kulikuwa na king'ora kwenye shamba la chai la Wazungu ng'ambo ya mto. Kililia alfajiri kuwaamsha wachumaji, kikalia mchana, kikalia jioni. Nyanya yangu hakukipenda. Alikuwa na hakika kwamba ni mnyama. Alisema Wazungu wamefungia mnyama ndani ya nyumba ya mabati na hawamlishi vizuri, ndiyo sababu analia saa za chakula tu. Siku moja akaniita, akanipa viazi vitamu vya kuchoma, akasema, "Nenda umwangalie. Ukiona ana adabu, mpe."

Nilienda. Nilipita darajani, nikachungulia kwenye ile nyumba ya mabati. Ndani kulikuwa na mzee amevaa koti lililopasuka kwapani, ameshika kamba. Nikamuuliza mnyama yuko wapi. Akaniambia, "Hakuna mnyama. Ni mimi tu." Basi kwa kuwa nilitumwa, nikampa viazi, akala na maganda. Nilirudi nikamwambia nyanya kwamba mnyama anavaa koti, amekula, na amesema asante. Nyanya akaridhika kabisa. Alikufa akiamini hivyo, na mimi sikuona haja ya kumsumbua.

Nasema hayo kwa sababu vilima vyetu siku zote vimeamriwa na sauti. Baada ya king'ora ikaja kengele ya kanisa. Baada ya kengele ikaja rimu ya gurudumu la lori iliyotundikwa shuleni, ambayo mwalimu aliipiga kwa nondo kama mtu mwenye ugomvi nayo. Mimi niliitii ile rimu mpaka darasa la pili, halafu baba akanunua ng'ombe mmoja mkorofi wa kuruka ua, na ikaonekana kwamba kati yangu na ng'ombe, ng'ombe ndiye anahitaji mtu wa kumfuata. Sijuti. Yule ng'ombe alikuwa na maziwa.

Sasa, miaka ya tisini, sauti iliyotuamuru kwenye senta yetu ya maduka, upande huu wa Bomet ukitoka Kaplong, ilikuwa ya mashine ya kusaga mahindi. Tuk-tuk-tuk-tuk, kutoka asubuhi. Ukiisikia unajua kuna dizeli, kuna unga, na wanawake wako kwenye foleni wakisema mabaya juu ya waume zao. Mwenye mashine ndiye ninayetaka kumkumbuka hapa. Jina lake silitaji. Wanaomjua wanamjua, na asiyemjua halitamsaidia.

Alikuwa Mkikuyu kati yetu Wakipsigis, mfupi, mabega mapana, mtu wa kutembea haraka kama anayeitwa. Alifika kwetu akiuza nyanya na vitunguu kwa baiskeli. Baadaye akakodi chumba, akaweka duka. Baadaye akaleta ile mashine kwenye trekta la watu, na senta nzima ikasimama kuitazama ikishushwa. Na kabla hatujamaliza kuizoea mashine, akamwoa msichana wa boma la juu kilimani, na akaleta ng'ombe, ng'ombe kweli, wa kutembea kwa miguu yao, hakuleta mbuzi wala maneno. Wazee walizunguka wale ng'ombe wakitafuta kasoro, wakakosa, wakakasirika kidogo.

Kama kuna mtu niliyemwona akipenda familia yake mpaka ikawa kero kwa majirani, ni huyo. Mtoto wake wa kwanza, msichana, alipozaliwa, alimfunga mgongoni kwa leso na kuendelea kupima mahindi ya watu. Mwanamume mzima! Mtoto analala pale mgongoni na mashine inanguruma, amefunikwa na vumbi la unga mpaka kope. Alikuwa akimwosha mwenyewe kwenye karai mbele ya duka, watu wakipita. Alikuwa akimpikia mke wake uji akiwa mgonjwa, na hata akiwa hajaugua.

Hilo lilituletea taabu nyumbani. Mke wangu alirudi siku moja na unga kichwani, akautua chini polepole. Mwanamke akitua mzigo polepole, jua kuna neno.

"Umemwona mwenye mashine? Amembeba mtoto."

"Nimemwona."

"Kumbe wanaume wana mgongo."

"Mgongo wangu unauma."

"Haukuuma juzi ukibeba ule mtungi wa pombe kutoka kwa ndugu yako."

Basi wanaume tulikaa kikao nje ya bucha, kwa sababu kila mmoja alikuwa amesikia habari ya mgongo wake. Mmoja akasema yule mtu ataharibu nchi. Mwingine akasema afukuzwe, lakini akaulizwa tutasaga wapi. Ndipo shemeji ya mwenye mashine akasema, "Niachieni mimi. Nitamwambia ni mwiko."

Huyo shemeji lazima nimweleze, kwa sababu ndiye aliyeleta yote. Alikuwa kaka mkubwa wa mke wa mwenye mashine, na kwa kuwa baba yao alikuwa amekufa, ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma. Mrefu, kofia ya manyoya hata jua likiwaka, fimbo ya kupaka mafuta. Aliwahi kuwa karani pale tunapopimia majani ya chai, akaachishwa. Alisema ni siasa, sisi tulisema ni mizani. Baada ya hapo akawa mtu wa mila. Hakuna kazi rahisi kuliko hiyo: huhitaji ofisi, na anayekupinga anaonekana amekosa heshima. Tena, na hili kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema, babu yake mwenyewe alikuja kwetu kutoka Kisii wakati wa njaa, akiwa na kikapu na kikohozi, akapokewa, akaingizwa ukoo, akapewa mke. Kwetu mambo hayo ni ya kawaida. Ukoo ni kama boma, una lango. Lakini mjukuu wa aliyeingia langoni ndiye anayelinda lango kwa ukali zaidi.

Basi akaenda kumwambia mwenye mashine kwamba kwa mila ya Kipsigis ni mwiko mwanamume kubeba mtoto mgongoni kupita daraja. Kwa nini daraja? Nadhani ndicho kitu alichokiona karibu. Alitarajia yule mtu abishe. Hakubisha. Alishukuru! Akasema, "Asante sana shemeji kwa kuniambia. Kitu kingine ambacho sijui, usinifiche." Na kutoka siku hiyo, akitoka kwake na mtoto, alifika darajani, akamkabidhi mkewe, wakavuka, akamchukua tena upande wa pili akamfunga mgongoni. Mtoto mwenyewe aliona ni mchezo, akawa anacheka wakikaribia mto.

Shemeji alisimama akatazama jambo hilo kwa muda mrefu. Nilimwona. Alikuwa na uso wa mtu aliyechimba shimo la choo akakuta maji safi.

Halafu mila zikaanza kumiminika. Mahindi ya wakwe hayapangi foleni, yanasagwa kwanza. Mahindi ya wakwe hayaulizwi ni mangapi. Mkwe haketi kwenye kiti chenye mgongo mbele ya shemeji yake, kwa hivyo kiti kizuri cha dukani kikahamia bomani kilimani, kisije kikamtia mkwe majaribuni. Mwenye mashine alizishika zote. Wakati mwingine alinijia mimi, nikiwa nimekaa juu ya magunia nikingoja zamu yangu, akaniuliza, "Mzee, ni kweli mkwe haruhusiwi kula shingo ya kuku?" Mimi nikamwambia kwetu nyumbani shingo inaliwa na anayewahi. Akaniangalia kwa huruma, akaona kwamba mimi sijui mila vizuri. Na kweli, mtu wa darasa la pili atajuaje.

Lakini ile iliyotuchekesha zaidi ni ya mama mkwe. Hiyo shemeji hakuibuni, hiyo ilikuwako. Zamani mkwe na mama mkwe walipishana njia. Nilimwona nyanya yangu, yule wa king'ora, akiingia kichakani mzima mzima, miiba na yote, kwa sababu mume wa shangazi anakuja kwenye njia. Lakini hiyo ilikuwa zamani. Miaka ya tisini! Mama mkwe wangu mimi alinisalimia kwa mkono kila Jumapili mlangoni mwa kanisa, na mkono wake ulikuwa mgumu kuliko wangu. Hakuna aliyejificha tena. Ila mwenye mashine.

Mama mkwe wake alikuwa mama mrefu, mnyoofu, wa viatu vya gumbuti na kitambaa cheupe cha kanisa, mtu wa kusema neno na kulifuata na macho. Siku ya kwanza alipokuja kusaga mwenyewe, aliingia tu, kama watu wanavyoingia. Mwenye mashine alikuwa anamimina mahindi. Akageuka, akamwona, akatupa debe, akaruka dirishani. Dirisha lenyewe lilikuwa dogo, la kutolea vumbi. Alipita hapo kama panya. Mkanda wa mashine ukatoka kwenye gurudumu ukapiga ukuta, unga ukaruka, na tulipoweza kuonana tena, mama alikuwa amesimama katikati, mweupe kutoka kitambaa mpaka gumbuti, anauliza, "Kuna nini? Kuna nyoka?"

Mtu akamwambia, "Hapana mama. Ni wewe."

Kutoka hapo ikawa hivyo. Mama akionekana kwenye kona ya barabara, mashine inanyamaza. Mpaka wachumaji walio kwenye chai upande wa pili wa bonde, wakisikia kimya, walikuwa wakisema, "Mama wa juu amekwenda senta." Mashine ikianza tena, wanajua amerudi nyumbani. Mama mwenyewe aliudhika sana. Alipanga foleni kwa heshima, na kila alipokaribia mlango, msagaji hayupo. Alisema kwa sauti kubwa, senta nzima ikimsikia, "Mwambieni huyo kijana mimi si chui! Nimeleta mahindi, sikuleta meno!"

Alikuwa mama mwenye akili. Mwishowe alitafuta njia. Alituma mahindi ndani kwa mkono wa mtu mwingine, halafu akaenda kukaa nje, nyuma ya mashine, akiegemea ukuta wa mabati. Mkwe wake akimaliza kusaga anakuja kuketi ndani, upande wa pili wa bati hilo hilo. Wanaongea hivyo. Nilikuwa nikikaa hapo juu ya magunia yangu na nilisikia mengi, na sioni aibu, maana bati si ukuta wa mtu kutunza siri.

"Sandana, uko hapo?" Hivyo ndivyo anavyoitwa mkwe kwetu.

"Niko, mama."

"Watoto wamekula?"

"Wamekula. Yule mdogo ana homa, nimempeleka hospitali ya misheni Kaplong, amepewa dawa."

"Wewe ndiye umempeleka?"

"Mimi. Mama yao alikuwa anachuma chai."

Halafu mama anasema, "Baba yake msichana wangu, Mungu amrehemu, hakujua hospitali iko upande gani wa barabara." Na wanacheka wote wawili, kila mmoja upande wake wa bati.

Siku moja mama alimwambia wazi. Alisema, "Hizi mila za kijana wangu, mimi niliolewa kwenye boma hili kabla yeye hajazaliwa, na nyingine sijawahi kuzisikia kabisa. Kwa nini unakubali?"

Mwenye mashine alikung'uta unga mikononi. Halafu akasema, "Mama, mimi kwetu nimetoka. Baba alipokufa ndugu zangu waligawana shamba nikiwa huku, wakasema mimi nina Kipsigis wangu. Sina pengine. Msichana wetu atakua. Siku wageni wake wa koito watakapokuja, nataka kukaa kwenye benchi la baba. Niulizwe, nijibu. Basi. Sasa hizi mila, acha nifuate zote, hata za uongo, nisije nikakosa moja ya kweli."

Hayo ndiyo aliyoyataka. Sijui kama umeelewa koito. Ni siku wazee wa kijana wanapokuja nyumbani kwa msichana kuongea mambo ya ndoa. Wanaketi huku, wenyeji wanaketi kule, na jambo la kwanza linaloulizwa ni ukoo, kwa sababu watu wa ukoo mmoja hawaoani. Baba asiye na ukoo atajibu nini? Ndiyo maana alitaka kuingizwa. Na wa kumwingiza alikuwa shemeji.

Shemeji hakukataa. Angekataa ingekuwa nafuu. Alisema ndiyo, ila kuna kondoo. Kondoo wa kufungua lango. Akachinjwa. Msimu uliofuata, kondoo wa kufunga lango, kwa sababu lango likibaki wazi mtu anaweza kutoka tena. Halafu kondoo wa mzee mmoja ambaye siku ya lango alikuwa na mafua na hakula. Halafu ikaonekana kwamba kondoo mmojawapo alikuwa na doa jeusi mguuni, na doa linarudisha kila kitu mwanzo. Sisi wazee tuliitwa kila mara, kwa sababu mila bila mashahidi si mila. Tulikaa, tulitema mate kwa baraka, tulikula. Nyama ilikuwa tamu, siwezi kukudanganya. Na kila mara tulipopangusa mikono shemeji alisimama na kusema, "Sasa tumekaribia."

Hata miaka ile ya vita vya uchaguzi, watu walipokuwa wanachomeana nyumba kule juu, na kina mama wa jamii yake wanapita kwenye barabara na magodoro, mwenye mashine hakuguswa. Vijana walikuja senta wakiwa na maneno. Shemeji akasimama mlangoni mwa mashine na fimbo yake akasema, "Huyu ni mkwe wetu. Anayetaka kumgusa aanze na mimi." Alisimama vizuri siku hiyo, lazima niseme. Nilimheshimu. Mwenye mashine alilia. Na baada ya vijana kuondoka shemeji akamwambia kwamba kwa mila, mtu aliyesimamiwa hivyo hutoa kondoo wa mlango wa hatari.

Akatoa.

Ngoja niseme jambo lingine hapa, kabla sijalisahau, kwa sababu kuna watu kwenye senta yetu hata leo wanasema yule mtu alitupa familia yake. Ni waongo. Alipoondoka, mke wake na watoto wadogo walimfuata kabla mahindi ya msimu ule hayajakomaa. Na yule msichana mkubwa aliolewa na kijana yule yule wa koito nitakayoieleza, ila harusi ilifanyiwa huko alikokuwa baba yake. Mama mkwe alikwenda na gumbuti zake. Alirudi na picha, na kwenye picha amesimama bega kwa bega na mkwe wake. Kwa hivyo wanaosema alitupa familia, waseme alitutupa sisi, hapo sitabisha. Mashine iliuzwa kwa mtu wa Chepseon. Tulisaga wapi? Tulitembea.

Sasa nirudi kwenye siku yenyewe ya koito.

Msichana alikuwa amekua, amesoma, amekuwa mwalimu. Yule mtoto wa mgongoni! Baba yake alimbebea sanduku la shule kichwani kila mwanzo wa muhula, mpaka msichana alipoona aibu akamwomba aache, naye akaendelea kulibeba ila anatembea nyuma kidogo. Kijana aliyemtaka alikuwa wa upande wa Kericho, mtu mpole, wa familia ya chai na ng'ombe. Wazee wake wakatuma neno kwamba wanakuja.

Mwenye mashine alihangaika kama mtu anayehama. Alinunua mchele, alinunua fahali, alikodi viti. Alimwambia fundi atengeneze benchi refu la msipresi, lipigwe randa mpaka ling'ae, la kukalia upande wa msichana. Alikuwa akilipitisha kiganja, akilalamika kwamba lina kibanzi, wala halikuwa na kibanzi. Na alitoa kondoo wa mwisho, juma lile lile, na shemeji akamshika bega akasema, "Sasa hapa umefika. Bado kitu kidogo tu."

Shemeji akaamua kwamba koito isifanyiwe kwa mwenye mashine, ifanyiwe bomani juu, kwa sababu nyumba ya mkwe haina lango la ukoo. Sawa. Benchi likabebwa kilimani. Asubuhi ilikuwa nzuri, chai imeoshwa na mvua, mpaka ungefikiri imepakwa rangi. Wageni walifika, wazee wamevaa makoti, wanawake na vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, vimefungwa vizuri. Tukaketi. Na kwenye benchi shemeji akakaa katikati, akapanua magoti, kaka zake wakajaza huku na huku, na mwenye mashine akapata mwisho wa benchi, tako moja ndani na tako moja hewani. Alikuwa amevaa suti ya kahawia na kofia mpya. Alikaa hapo wima kama mtu anayepigwa picha.

Mzee wa wageni akasimama. Alikuwa mzee wa sauti ndogo, mwenye kuchagua maneno. Akasalimu, akasema wameona jani zuri kwenye bustani ya watu, na mengine yanayosemwa. Halafu akauliza, "Kabla hatujaenda mbali, tusije tukawaoza ndugu kwa ndugu. Huyu msichana ni wa ukoo gani?"

Mwenye mashine akafungua mdomo. Shemeji akamtangulia. Akataja ukoo wake mwenyewe.

Mzee wa wageni akafikiri. "Huo si wa mama yake? Sisi tunauliza wa baba."

"Baba bado yuko njiani," shemeji akasema.

"Njiani wapi? Si tuliambiwa baba ndiye mwenye mashine, yule pale mwisho?"

"Njia ya ukoo, mzee. Kondoo wote wamechinjwa. Tumebaki na swali la ngozi."

"Swali gani la ngozi?"

"Wa mwisho ngozi yake ilianikwa ndani nje. Tunaliangalia."

Mzee wa wageni alimwangalia shemeji, akamwangalia mwenye mashine, akaangalia moshi wa jikoni ambako fahali alikuwa anaiva. Alikuwa ametoka mbali. Akaketi. Mazungumzo yakaendelea, ng'ombe wakatajwa, wakapunguzwa, wakaongezwa, shemeji akijibu kila neno. Mwenye mashine hakuondoka kwenye ile ncha ya benchi. Nilimwona anashika ubao kwa vidole.

Maneno yalipokubaliana, ikaja siagi. Hiyo ndiyo inayofunga. Mwanamke mkubwa wa boma anachukua siagi anawapaka wazee wa pande zote mbili kichwani, na aliyepakwa ndiye amekuwako. Asiyepakwa alikuja kula tu. Na mwanamke mkubwa wa boma lile alikuwa nani? Mama. Akatoka nyumbani na kibuyu cha siagi, kitambaa cheupe kichwani. Akaanza na wageni. Akaja kwetu majirani, akanipaka na mimi, siagi ya ng'ombe mzuri. Akaenda kwenye benchi. Akampaka mwanawe mkubwa, akawapaka wale wengine. Akafika mwisho.

Mwenye mashine alikuwa amekwisha kuvua kofia. Ameiweka kwenye magoti na ameinamisha kichwa. Miaka yote ile hawakuwa wamesimama karibu hivyo.

"Mama!" shemeji akasema. "Mkwe huyo. Humgusi."

"Nyamaza. Mimi ndiye nilikuzaa, hukunizaa wewe."

"Ni mila, mama. Wageni wanaona."

"Wageni waone." Akachovya vidole, akanyoosha mkono.

Na hapo ndipo mwili wa yule mtu ukamsaliti. Mkono ulipokaribia, kichwa kikaruka nyuma chenyewe, miguu ikasimama, macho yakatafuta mahali pa kutokea, kama siku ile ya unga. Angepata dirisha angepita. Benchi likainuka upande mmoja na shemeji akashika kofia yake ya manyoya. Uwanja mzima ukacheka, wageni na wenyeji, kicheko cha kushika mbavu, na sisi majirani tukiwa na siagi vichwani.

"Mnaona?" shemeji akasema, akipangusa machozi ya kicheko. "Hata yeye mwenyewe anajua."

Mwenye mashine alisimama pale. Kicheko kilichukua muda kuisha, kikaisha. Aliokota kofia yake, akaipangusa kwa mkono wa koti, akaivaa. Halafu akamwendea mama mkwe wake, mbele ya watu wote, akachukua ule mkono wenye siagi kwa mikono yake miwili, akausalimia. Mama hakuuvuta.

"Asante mama," akasema.

"Sandana," mama akasema. "Keti."

Akatikisa kichwa. Akampita shemeji, akapita kati ya viti vya wageni akiomba radhi kila alipogusa goti la mtu, akamwekea binti yake mkono begani pale alipokuwa amesimama na wasichana wenzake, akafungua lango na kulifunga nyuma yake vizuri ili ndama wasitoke. Tuliona kofia yake ikishuka katikati ya chai, akitembea haraka vile alivyotembea siku zote, mpaka barabarani. Tulidhani anakwenda kuangalia mashine. Wapishi wakamwekea nyama yake pembeni.

Hakurudi.